Mpwa Wetu Amepata Eagle Scout: Tumfanyie Sherehe ya Namna Gani Mikindani?

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkazi wa Mikindani, Mtwara. Dada yangu wa tumbo moja anaishi Marekani mwaka wa 19 sasa. Mwanawe wa kwanza ana miaka 17, na mwezi uliopita amepata cheo cha skauti kinachoitwa Eagle Scout. Dada anasema huko ni jambo kubwa sana. Wanakuja Desemba, na ukoo umekubaliana kumfanyia kijana sherehe tarehe 27. Sasa kila mtu ana lake. Mzee wetu mmoja anataka tumfanyie kama mwali anayetoka jandoni, mapiko, ile ngoma yetu ya vinyago, yachezwe, na mimi mjomba wake nimvishe nishani. Shemeji yangu anasema uskauti ni jeshi la watoto. Ndugu mwingine anauliza kama kiapo chao hakigongani na dini, maana sisi ni Waislamu. Vijana wanataka kamati, kadi za michango na mshereheshaji wa kulipwa. Mama yetu, bibi yake kijana, yeye anataka tu kumwona. Naomba mwongozo: hicho cheo ni kitu gani, na sherehe yake inafanywaje isije ikawa aibu kwa mtoto wala kwetu?

Jibu

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa ukoo mzima. Nimefundisha shule za msingi za Lindi na Mtwara miaka 34, na karibu muda wote huo nilikuwa na kundi la skauti mkononi, kwa hiyo barua yako nimeipokea kama mtu aliyeletewa habari za mjukuu wake mwenyewe. Nimeisoma mara mbili. Kuna jambo moja nimelitafuta humo sikuliona, na nitakuambia ni lipi baada ya kukueleza cheo chenyewe.

Skauti wa Marekani hupanda ngazi saba, na Eagle, yaani tai, ndiyo ya juu kabisa. Ilianza kutolewa 1912, na wa kwanza kuifikia alikuwa kijana wa jimbo la New York aliyeitwa Arthur Eldred. Tangu hapo wamepita zaidi ya milioni 2. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni wengi, lakini ni karne nzima na zaidi, na kwa kawaida katika kila watoto 100 wanaoingia skauti huko hawafiki 10 wanaoufikia mwisho huo. Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, alikuwa Eagle Scout. Rais Gerald Ford pia. Kwa muda mrefu kilikuwa cheo cha wavulana peke yao. Tangu 2019 wasichana nao wanaruhusiwa kukitafuta, na wa kwanza wao walitangazwa 2021. Nakwambia hili kwa sababu pengine mpwa wako ana dada, na bibi atauliza.

Ili afike hapo, kijana hukusanya beji zisizopungua 21, na kila beji ni somo lenye kazi za mikono na mtu wa kumkagua. Nyingine ni za kuchagua, nyingine hazikwepeki: huduma ya kwanza, kupika, kupiga kambi, kutunza fedha, afya ya mwili, uraia wa mtaani kwake, wa nchi yake na wa dunia. Iko hata beji ya maisha ya familia, ambayo humtaka kijana afanye kazi za nyumbani kwa siku 90 na kuziandika moja moja kwenye daftari. Mweleze mama yako hiyo. Mjukuu aliyeosha vyombo siku 90 na kuweka kumbukumbu ni mjukuu ambaye bibi wa Mikindani anamwelewa mara moja, bila mkalimani.

Juu ya beji kuna uongozi. Akiwa ngazi ya sita anatakiwa kushika wadhifa katika kundi lake kwa miezi 6. Kisha kuna mradi wa huduma, ambao kwangu mimi ndio moyo wa jambo lote. Kijana anabuni kazi yenye faida kwa shule, nyumba ya ibada au jamii, anaipanga, anatafuta vifaa, anawakusanya watu na kuwaongoza mpaka iishe. Haruhusiwi kufanya mradi wa kukifaidisha chama chake cha skauti, wala biashara ya mtu. Kinachopimwa hapo ni kama watu, wakubwa kwa wadogo, walikubali kumfuata mtoto wa miaka 16 au 17 hadi mwisho wa kazi. Baada ya hapo anakaa mbele ya jopo la watu wazima wanaomhoji. Na kwa kawaida yote hayo, isipokuwa mahojiano ya jopo, lazima yawe yamekamilika kabla ya siku anayotimiza miaka 18.

Sasa nikuambie nilichokitafuta katika barua yako. Umeniandikia habari za mapiko, nishani, kamati na michango. Hukuniandikia mradi wake ulikuwa nini. Sidhani kama umesahau. Nadhani hakuna aliyeuliza. Mnapanga kumsifu mtoto kwa kazi ambayo hakuna hata mmoja wenu anayeijua.

Sikulaumu, kwa sababu kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe, tena kwa mtoto aliyekuwa mikononi mwangu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa Lindi, nilikuwa na kijana katika kundi langu aliyemsaidia mwenzake aliyevunjika mguu mazoezini. Aliufunga kwa vijiti na skafu yake, akawapanga wenzake wakambeba hadi barabarani. Alikuwa na miaka 13. Tukaandaa hafla ya kumpa cheti. Mama yake alivuka kutoka Kitunda kwa mashua, amevaa khanga mpya. Mgeni rasmi alichelewa saa tatu. Alipofika zikaanza hotuba: ya kwanza, ya pili, ya tano, na mimi nikiwa mmojawapo wa waliozungumza sana. Nilikuwa nimempangia kijana aeleze mwenyewe alivyofanya. Muda wake ukaliwa. Jua likaanza kuzama, na mama yule akalazimika kuwahi kuvuka kabla ya giza. Akaondoka bila kumsikia mwanawe akisema neno hata moja. Nilimwona akishuka kuelekea ufukweni, nikaendelea kukaa meza kuu. Mtoto huyo leo ni baba wa watu. Nikimkumbuka bado naona uzito kifuani.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huo: mgeni wenu ana habari ya kusimulia, na sherehe yote ijengwe kuizunguka. Apewe muda, apewe utulivu, na bibi yake awe amekaa mahali anaposikia vizuri. Mengine niliyoulizwa nitayajibu nikiwa nimelishika hilo.

Kuhusu jeshi, shemeji yako hakulitoa hewani. Baden-Powell, aliyeanzisha uskauti, alikuwa mwanajeshi wa Uingereza kweli, na sare na gwaride vina asili hiyo. Lakini kambi yake ya kwanza, kisiwa cha Brownsea mwaka 1907, ilikuwa ya wavulana wapatao 20, wa matajiri na wa wafanyakazi wakilala mahema mamoja, wakijifunza mafundo, nyayo za wanyama na namna ya kuokoa maisha. Hapakuwa na mafunzo ya bunduki za vita. Mzee yule alimalizia maisha yake huku kwetu Afrika Mashariki, akazikwa Nyeri, Kenya, mwaka 1941. Kaburi lake lina duara lenye nukta katikati, alama ambayo skauti huiacha njiani kuwaambia wanaomfuata: nimekwenda nyumbani. Msimulie shemeji yako.

Hapo hapo nikupe tahadhari ya kweli. Mwambie dada yako kijana asije na suruali au koti lenye madoadoa ya kijeshi, hata kama kwao ni nguo ya kawaida ya kambini. Sheria yetu hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi wala zinazofanana nazo, na wengi wameingia matatani kwa kutojua. Shati lake la skauti lenye beji halina tatizo.

Kuhusu dini, ahadi ya skauti hutaja wajibu kwa Mungu na kwa nchi, kuwasaidia watu wengine, na kushika sheria ya skauti. Haitaji dini ya mtu. Vile vidole vitatu wanavyoinua wakisalimu ni sehemu tatu za ahadi hiyo. Chama cha skauti chenye watu wengi kuliko vyote duniani kiko Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kupindukia. Na hapa kwetu nimelea skauti waliotoka madrasa moja kwa moja wakaja gwarideni, wakarudi kuwahi magharibi. Kama ndugu yako bado ana wasiwasi, mwiteni imamu wa msikiti wenu aifungue sherehe kwa dua. Akishafika na kumsikia kijana, atawajibu mwenyewe.

Jando sasa, na hapa nataka tukae kidogo.

Mzee wenu hakukosea kuona mfanano. Mtoto anaondolewa kwa mama yake, anakaa na wenzake mahali pa peke yao (jandoni huitwa kumbi), ana wakubwa wa kumfunza, kuna moto wa usiku na nyimbo, kuna majaribu, na anarudi akiwa na nafasi mpya mbele za watu. Niliwahi kwenda kijiji kimoja cha Newala kuomba ruhusa ya kuwapeleka watoto kambini, nikajiandaa kwa maelezo marefu. Mzee mmoja akanikatiza: “Kumbe ni kumbi la shule. Wachukue.” Nikabaki na maelezo yangu. Na watu wa kusini si wageni wa kuunganisha la kwao na lililotoka mbali. Kule Masasi, Askofu Vincent Lucas wa Anglikana, aliyekuwa askofu kuanzia 1926 hadi 1944, hakulipiga vita jando. Alikaa na watu wake wakatafuta namna ya kulibeba ndani ya maisha ya Kikristo. Walibishana sana, na watu wanabishana hadi leo, lakini walikaa wakazungumza.

Hata hivyo, mwanangu, mfanano una mipaka yake. Jando ni la kila mtoto wa kiume wa rika lake, na mafunzo yake ni siri ya waliopita. Cheo cha mpwa wako ni cha aliyekitafuta kwa hiari, na kila kitu chake kiko wazi. Ukitaka kitabu chenye masharti yote, kinauzwa. Ukivichanganya, unalivunjia heshima jando kwa kutoa ya kumbini mbele ya wasiohusika, na unampa kijana jina ambalo hajui maana yake. Kuna lingine zito zaidi, na nalisema wazi. Kama kijana hajapita jandoni, sherehe hii isitumike kumnasa. Mzee asije akasema “maadamu yupo, tumalize kila kitu.” Habari ya tohara na mafunzo ya kumbini ni ya wazazi wake na yeye mwenyewe, tena wakiwa wamekaa kwa nafasi. Akisema hapana, imekwisha. Mtoto aliyekuja kupongezwa akaondoka amedhalilika hatarudi Mikindani tena.

Mapiko ni jambo jingine, hayo yachezwe kama mnayapenda. Ni ngoma ya hadharani na ni fahari yetu. Zungumzeni na mkuu wa kikundi mapema, mkubaliane malipo na muda. Mweleze mpwa wako kabla ya siku kwamba lipiko, yaani mchezaji aliyevaa kinyago, akitokea hatumwiti jina la mtu, hata kama umezitambua nyayo zake, na kwamba hakuna kwenda na simu kupiga picha kule mchezaji anakovalia. Kijana wa skauti ataelewa; amefundishwa kuheshimu mambo ya wenyewe.

Kuhusu nishani na wewe mjomba, najua unaposimama. Kwa Wamakonde, kama kwa Wamakua na Wayao, ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake. Mzee anapokwambia umvishe nishani, anakupa haki yako. Lakini uelewe kwanza nishani hiyo inakuja na desturi zake. Ni utepe wa rangi nyekundu, nyeupe na bluu, chini yake unaning'inia tai wa rangi ya fedha. Juu ya utepe pana kibao kidogo chenye maneno ya kaulimbiu ya skauti, Uwe Tayari, na chini ya kibao kuna fundo dogo la kumkumbusha mwenye nishani kutenda jambo jema kila siku. Hutolewa na kundi lake katika hafla maalumu. Familia nyingi huko humwachia mama ndiye amvishe mwanawe. Kisha kijana naye humvisha mama yake pini ndogo, na baba yake pini yake, na kuna pini ya tatu kwa mtu aliyemlea katika safari hiyo. Pini hizo nazipenda kuliko nishani, kwa sababu zinaonyesha kwamba aliyepanda alishikwa mkono.

Ulizia kama hafla hiyo imeshafanyika huko. Kama imefanyika, msimpe nishani upya, maana cheo hakitolewi mara mbili. Avae tu nishani yake, nanyi mshangilie. Kama dada yako ameamua kuileta ivaliwe kwa mara ya kwanza mbele ya ukoo, mwachie yeye amvishe. Ndiye aliyeamka alfajiri za Jumamosi kumpeleka kambini kwenye baridi ya nchi ya watu. Na kijana akikupa ile pini ya mlezi, ipokee kwa mikono miwili. Usimwombe, wala usimtume mtu amdokeze.

Wewe una kazi ambayo hakuna mtu wa Marekani anayeweza kuifanya. Simama umtambulishe. Taja mama yake, na mama wa mama yake, na aliyemzaa huyo, mpaka pale mlipotokea juu Uwanda wa Makonde kabla ya kuteremka pwani. Taja kijiji. Taja makaburi yalipo. Mwambie mbele ya watu: huyu ni wetu, na hii ndiyo njia aliyotokea. Halafu mvishe la kwetu, kofia na msuli mzuri, au kikoi, juu ya sare yake hiyo hiyo. Dakika kumi zinakutosha. Mtoto aliyekulia ng'ambo anaweza kuwa na beji 21 na bado hajui jina la bibi mzaa bibi yake.

Kuna dogo linaloweza kuiharibu siku mlangoni kabisa. Skauti dunia nzima wakikutana hupeana mkono wa kushoto. Maelezo yanayosimuliwa sana ni kwamba Baden-Powell aliyachukua kwa Waashanti, watu wa Ghana ya leo: mkono wa kushoto ndio unaoshika ngao, kwa hiyo anayekupa huo ameiweka ngao chini, amekuamini. Sasa fikiria kijana anamnyoshea mzee wa Mikindani mkono wa kushoto mbele ya umma. Maelezo ya ngao yatakuwa yamechelewa. Mwambie dada yako amkumbushe: kushoto ni kwa skauti wenzake tu, wazee ni kulia, na “shikamoo” itangulie. Na ninyi waambieni wazee mapema, ili wakiwaona vijana wa skafu wanashikana mikono ya kushoto wasione ni utovu wa adabu.

Vijana wenyewe watatoka wapi? Hapo nakushauri kitu ambacho sitaki ukiache. Nenda shule iliyo karibu nanyi ukamwulize mwalimu mkuu kama kuna kundi la skauti, au mwone kamishna wa skauti wa wilaya. Omba watoto sita au wanane waje kumvisha mgeni skafu. Kila Mtanzania anajua maana yake. Tumeona viongozi wangapi wakivishwa skafu kwenye mbio za Mwenge? Siku hiyo avishwe mpwa wako, na anayemvisha awe mtoto mdogo kuliko wote. Kwake itakuwa salamu ya nyumba moja, na kwa watoto wale itakuwa siku ya kumwona kwa macho mtu aliyefika kileleni kwa njia ile ile wanayoianza. Lakini fanya haraka, shule zinafungwa mwanzoni mwa Desemba, na ukisubiri wiki ya Krismasi utakuta mwalimu kaenda Tandahimba kwao na sare zimefungiwa stoo. Walipie nauli, wapeni chakula kabla ya wageni, na warudishwe makwao mapema na mtu mzima.

Kamati na kadi za michango, hapana. Hii si harusi. Desemba ni kweli fedha za korosho zinaingia mifukoni, na kila mtu anayo shughuli: kuna ada za Januari, kuna mbegu, kuna madeni ya chama cha msingi. Mpikieni pilau au wali wa nazi na samaki, pweza akipatikana vizuri zaidi. Chemsheni ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, kwa sababu mama yake ameikosa miaka 19 na hataiuliza kwa aibu. Wekeni korosho za kukaanga kwenye vikapu. Kodini turubai zuri, maana mvua zetu mwezi huo zimeshaanza na hazipigi hodi. Mshereheshaji awe mtu wa ukoo mwenye sauti na adabu. Mgeni rasmi mnaye tayari ndani ya nyumba, ni mama yako. Kiti cha katikati ni chake.

Msimgeuze kijana kuwa mfadhili. Nalisema kwa sababu nimeliona. Mtu anatoka ng'ambo, watu wanakula, kisha anainuka mmoja na risala: kisima, bati za msikiti, ada ya fulani. Mtoto wa miaka 17 hana fedha hizo, na mama yake ataona haya mbele ya mwanawe. Kama mnataka kufanya naye jambo jema, na yeye atalipenda sana, basi asubuhi ya siku moja kabla ya sherehe mwende pamoja mkasafishe ufukwe wa ghuba yenu. Angalieni maji, mwende yakiwa yamekupwa. Viroba, reki, watoto wa skauti, wajomba, shangazi. Yeye apewe kupanga nani afanye nini, kwa Kiswahili chake hicho hicho cha kuokoteza. Mtamjua hapo kuliko mtakavyomjua mezani.

Siku yenyewe anzeni baada ya sala ya alasiri. Dua, skafu, utambulisho wako, kisha kijana asimame. Alete picha za mradi wake kwenye simu, mzichapishe kubwa mjini Mtwara mzibandike kwenye ubao, kwa sababu projekta na umeme wetu haviaminiki. Azungumze Kiswahili kwa sentensi tano au sita alizozizoea, zilizobaki aseme Kiingereza na mama yake atafsiri. Akikosea mtu asicheke. Hilo mwambie kila mmoja, hasa binamu zake wa rika lake. Baada yake pini na nishani, vigelegele, chakula, na ngoma mpaka mtakapochoka.

Familia za huko zina desturi nzuri ya kukusanya barua za pongezi kutoka kwa watu wakubwa na kumpa kijana azihifadhi. Mtengenezeeni kitabu cha namna hiyo: barua ya imamu, ya mwalimu aliyemfundisha mama yake darasa la kwanza kama yu hai, ya jirani aliyembeba mama huyo mgongoni. Mama yako kama hapendi kuandika, mrekodi sauti kwenye simu, aseme anavyotaka, kwa Kimakonde, bila kumsahihisha, kisha mmoja wenu aandike maneno hayo na tafsiri chini yake. Sauti nayo itunzwe. Msingoje tarehe 27. Mrekodi wiki hii, akiwa ametulia barazani.

Na leo usiku, ukishaswali isha, mpigie dada yako. Kwao bado ni mchana. Mwombe akupe kijana mwenyewe kwenye simu. Mwulize mradi wake ulikuwa nini, alianza na watu wangapi, wapi kulikuwa kugumu, nani alimsaidia. Yaandike majibu yake kwenye karatasi, kisha nenda kamsomee mama yako.